Transfoma imeandikwa 5k, mita inasoma omu 280, valvu ina 40k: mzigo wa valvu ni upi hasa?

nyaya_moto

Wakuu habari zenu. Najenga ampli ndogo ya valvu, singo-endi (valvu moja tu inasukuma spika), EL84 moja ya nguvu kila upande na mbele yake ECC83 ya kukuza ishara. Kuunga naweza, solda sio tatizo, kilichonikwamisha ni hii habari ya impidansi (ukinzani kwa umeme wa AC) ya mzigo. Nimesoma huku na kule na kila nikisoma nazidi kuchanganyikiwa, kwahiyo anayeijua vizuri naomba aniweke sawa taratibu na kwa namba.

Kwanza transfoma ya spika. Imeandikwa 5k kwa omu 8. Nimeweka mita praimari (upande wa valvu) inasoma omu 280, sekondari (upande wa spika) haifiki hata omu 1. Sasa hiyo 5k iko wapi, au transfoma imekufa?

Pili, datashiti ya EL84 inasema ukinzani wa ndani wa valvu ni kama 40k, halafu mistari michache chini yake inasema mzigo wa anodi (bamba linalopokea elektroni) uwe 5.2k. Shuleni tulifundishwa kwamba nguvu nyingi kabisa inatoka pale mzigo unapolingana na ukinzani wa ndani wa chanzo. Hapa 40k na 5.2k havikaribiani hata kidogo, na hakuna mahali wameeleza kwa nini.

Tatu, spika nilizonazo ni za omu 4. Jamaa mmoja kaniambia nikizifunga hapo naunguza valvu, mwingine kaniambia ndo nitapata nguvu mara mbili kama ampli za transista zinavyofanya. Nani yuko sahihi?

kathodi_baridi

Mkuu karibu. Nianze na transfoma maana hapo ndo wengi wanakwama.

Transfoma yako nzima kabisa. Omu 280 uliyoipima ni ukinzani wa waya wa shaba tu, ule mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara, na mita inapima kwa umeme wa betri yake ambao ni DC. Hiyo 5k huwezi kuiona kwa mita kwa sababu haipo ndani ya transfoma. Transfoma haina 5k, ina uwiano wa mizunguko basi. 5k inazaliwa pale unapofunga spika ya omu 8 upande wa pili. Ukifunga omu 4 valvu inaona 2.5k, ukifunga omu 16 inaona 10k, transfoma ni ileile.

Kwa nini iwe hivyo, angalia. Tuseme praimari ina mizunguko mara 25 ya sekondari. Volti zikitoka praimari kwenda sekondari zinashuka mara 25, mkondo nao unapanda mara 25. Impidansi ni volti gawanya kwa mkondo, kwahiyo ukiwa umesimama upande wa valvu unaona volti zimezidishwa 25 na mkondo umegawanywa kwa 25, ukigawanya moja kwa nyingine unapata 25 mara 25 ambayo ni 625. Spika ya omu 8 zidisha 625 ni 5000. Hiyo ndo 5k yako.

Na unaweza kuipima mwenyewe usiku wa leo. Transfoma ikiwa mezani peke yake, haijaungwa popote, chukua transfoma ndogo ya kushusha umeme yenye 12V AC, peleka hizo volti 12 kwenye praimari, halafu pima AC kwenye sekondari. Ukisoma 0.48 basi 12 gawanya 0.48 ni 25, umemaliza. Pima na zile 12 zenyewe, usiamini maandishi, transfoma ndogo isipokuwa na mzigo huwa inatoa zaidi ya ilichoandikwa. Na usifanye kinyume, yaani kupeleka volti 6.3 kwenye sekondari, maana zitapanda mara 25 na utakuwa na zaidi ya volti 150 zinakusubiri kwenye zile waya nyingine ambazo huenda umezishika.

Kitu kingine ujue mapema: hata hizo omu 8 za spika ni jina tu. Ukipima koili ya spika kwa mita unapata omu 6 hivi. Ikipigwa muziki, pale kwenye mwangwi wake wa besi impidansi inaruka hadi omu 30 au 40 na zaidi, halafu inashuka karibu na 8, halafu inapanda tena kadri sauti inavyokuwa nyembamba kwa sababu koili ni koili. Kwahiyo 5k ni ya kupangia kazi. Valvu haikai kwenye 5k, inatembea juu yake na chini yake wimbo mzima.

mstari_mnyoofu

Swali la pili nalichukua mimi maana ndo lenye utamu wote.

Kanuni ya shule ni ya kweli, ila inajibu swali lingine. Inasema hivi: una chanzo chenye volti zake na ukinzani wake wa ndani, hauna mipaka mingine yoyote, je mzigo gani utavuta nguvu nyingi? Valvu ina mipaka. Mkondo wa anodi hauwezi kwenda chini ya sifuri, ukifika sifuri valvu imefunga. Volti za anodi haziwezi kushuka hadi sifuri, zikifika chini sana pentodi (valvu kama EL84, yenye gridi ya ziada iitwayo skrini) inaingia kwenye goti, mkondo wa anodi unaanguka na skrini ndo inaanza kuvuta. Na anodi haiwezi kula zaidi ya wati 12 kwa EL84. Sasa ndani ya uzio huo ndo unatafuta nguvu.

Chukua hali ya datashiti: anodi volti 250, skrini 250, mkondo wa anodi miliampia 48, gridi inayodhibiti mkondo iko volti −7.3. Zidisha 250 kwa 0.048 unapata wati 12, yaani valvu iko kwenye kikomo chake cha joto ikiwa imetulia.

Tuweke mzigo wa 40k kama mwalimu alivyosema. Mkondo ukitaka kushuka kutoka 48 hadi sifuri, mzigo utadai volti 40,000 zidisha 0.048, yaani 1920, juu ya zile 250. Upande huo haufiki popote. Upande wa pili, volti 250 zinaisha zote baada ya mkondo kusogea miliampia 6 na robo tu, kwa sababu 250 gawanya 40,000 ni hiyo. Valvu ina miliampia 48 za kuchezea na wewe umeiruhusu itumie 6. Nguvu yake ni 250 mara 250 gawanya kwa 80,000, haifiki hata wati 0.8. Umelinganisha vizuri sana na umepata sauti ya redio ya mfukoni.

Sasa jiulize swali jingine kabisa: mzigo gani utafanya volti na mkondo viishe kwa wakati mmoja? Una volti 250 za kushuka na miliampia 48 za kupungua. 250 gawanya 0.048 ni 5208. Umeiona 5.2k yako? Haikutokea hewani. Na nguvu ni 0.048 mara 0.048 mara 5200 gawanya 2, unapata karibu wati 6, na datashiti inasema 5.7. Hiyo tofauti ndogo ni goti linakula kidogo pamoja na upotoshaji ambao wameuruhusu ufike asilimia 10.

Fungua lile grafu la datashiti lenye mistari ya gridi, chukua rula. Weka nukta kwenye volti 250 na miliampia 48. Weka nyingine kwenye volti 500 na miliampia 0. Nyingine volti 0 na miliampia 96. Zote tatu zinakaa kwenye mstari mmoja, na huo ndo mstari wa mzigo. Ni mwinamo tu: mkondo ukisogea kiasi hiki, volti zinasogea kiasi kile. Usishangae volti 500 wakati pawa saplai yako ni 250 na kidogo, mzigo ni koili kwenye kiini cha chuma, unahifadhi nishati, mkondo ukipungua anodi inapanda juu ya saplai na kwenda hadi karibu mara mbili. Ndo maana kapasita na waya za anodi lazima zivumilie zaidi ya saplai.

Baada ya hapo zungusha rula kwenye ile nukta ya katikati. Ukiisimamisha wima zaidi, tuseme 2.6k, mkondo bado una miliampia 48 za kushuka lakini volti zinasogea 125 tu, nguvu wati 3. Ukiilaza hadi 10.4k, volti zinaisha zote 250 lakini mkondo umetembea 24 tu, nguvu ni hizohizo wati 3, na kwa kweli chini yake kwa sababu ya goti. Ukienda nusu au ukienda mara mbili unapoteza nusu pande zote. Ni kama gia za baiskeli, mguu una nguvu yake na una kasi yake, gia nzito sana unasukuma kwa nguvu na mguu hauendi, gia nyepesi sana mguu unakimbia na hausukumi kitu. Kilele kiko katikati.

Halafu kilele chenyewe ni kipana. Ndo maana datashiti hiyohiyo inatoa pia 4.5k kwa valvu ileile na wati zinabaki 5.7. Watu wanaogombana kama ni 5k au 5.2k wanapoteza muda, spika yao inayumba mara tano ya hapo kwenye wimbo mmoja.

mzee_wa_redio

Maelezo safi. Naongeza moja haraka kwa nyaya_moto: ule ukinzani wa ndani wa 40k ni mwinamo wa mistari ya valvu kwenye grafu, jinsi ilivyolala. Hauchomi joto, hakuna rizista ya 40k mle ndani. Ukishalielewa hilo swali la kulinganisha linaondoka lenyewe.

nyaya_moto

Wakuu nimekaa na rula na kikokotoo, nimepima na transfoma, 25 na ushee, yaani 5k kweli. Huu mstari umenifungua macho, nilikuwa naona mzigo kama kitu kinachokaa mahali, kumbe ni jinsi volti na mkondo vinavyotembea pamoja.

Kwahiyo omu 4 kwenye njia ya omu 8 ni 2.5k na nabaki na wati 3, sio 12 wala haiungui. Nimeelewa sawa? Na kwa nini basi transista zinaongeza?

Halafu mawili mengine. Trayodi kama 2A3 nayo inafuata hesabu hiyohiyo ya volti gawanya mkondo? Maana datashiti yake inasema 250V, miliampia 60, mzigo 2.5k, na 250 gawanya 0.06 ni 4167, haiji. Na ECC83 ambayo haina transfoma, ina rizista ya 100k tu kwenye anodi, mzigo wake ni hiyo 100k?

kathodi_baridi

Umeelewa sawa. Ampli ya transista kwa kawaida imefungwa fidibeki nyingi (sehemu ya ishara inayotoka inarudishwa mwanzo kuisahihisha), inashikilia volti zilezile kwenye spika hata ukibadilisha omu, kwahiyo ukipunguza omu nusu mkondo unakuwa mara mbili na nguvu mara mbili, mpaka pale saplai au transista zenyewe zichoke. Valvu yako haina huo mkondo wa ziada, miliampia 48 ndo hizo, na transfoma imeshazidisha mara 25 tayari.

Omu 4 kwa EL84 singo-endi ya klasi A haiui. Unapoteza nguvu na upotoshaji unabadilika ladha, harmoniki ya pili inapanda wakati ya tatu inapungua, ukienda juu kwenye omu 16 ni ya tatu ndo inakuja na kukera masikio. Ila msiichukue hii mkaipeleka kwenye pushi-puli kubwa (valvu mbili zinazopokezana) za klasi AB. Kule valvu moja ikifunga nyingine inabaki na robo ya ile 8k ya anodi kwa anodi, yaani 2k, na ukiweka omu nusu ya zinazotakiwa inaona 1k, mkondo unapanda kwelikweli na anodi zinaweza kuiva.

gridi_hasi

Nijibu la trayodi, nalipenda sana hili.

Pentodi inaweza kushusha anodi karibu na chini kabisa kwa sababu skrini inaendelea kuvuta elektroni hata anodi ikiwa na volti kidogo. Trayodi haina skrini, anodi ndo inayovuta, ukiishusha volti zake mkondo nao unakufa. Kwahiyo huwezi kutumia volti zote 250. Gridi ikifika sifuri, hapo ndo mwisho kwa ampli ya kawaida, trayodi inafanana na rizista yenye thamani ya ukinzani wake wa ndani. 2A3 ina omu 800. Tunataka mkondo upande hadi mara mbili ya 60, yaani miliampia 120, na kwa omu 800 hiyo inadai volti 96 zibaki kwenye valvu. Toa 96 kwenye 250 unabaki na 154 za kutembea, gawanya kwa 0.06, unapata 2567.

Yaani kwa trayodi ni volti gawanya mkondo, halafu toa ukinzani wa ndani mara mbili. 4167 toa 1600. Datashiti inasema 2.5k. Mimi nilivyoiona hiyo namba inatoka yenyewe bila kuilazimisha nilifurahi sana, maana inaonyesha wale wazee wa zamani hawakuwa wanakisia, walikaa na mistari hiyohiyo. Na ona kwamba hata hapo mzigo haulingani na ukinzani wa ndani, ni mara tatu yake. Ukiiwekea 2A3 mzigo wa omu 800 kweli, mstari unasimama wima, unaingia kule chini ambako mistari ya gridi imebanana na kupinda, na upotoshaji unakuwa mbaya.

Sasa ECC83. Hapa hatutafuti wati, tunatafuta volti, kwahiyo tunataka mzigo mkubwa kadri inavyowezekana. Ila 100k ni mzigo wa DC tu. Sauti inaona chini ya hapo, kwa sababu kapasita ya kuunganisha inaipeleka kwenye rizista ya gridi ya EL84, na kwa sauti hizo mbili zinakaa sambamba. Ukiwa na 470k kwenye gridi, 100k sambamba na 470k ni 82.5k. ECC83 ina mu (ukuzaji wa juu kabisa wa valvu yenyewe) ya 100 na ukinzani wa ndani 62.5k kwa volti 250 na miliampia 1.2. Ukuzaji ni mu zidisha mzigo gawanya kwa mzigo jumlisha ukinzani wa ndani: 100 mara 82.5 gawanya 145, kama 57. Ukiweka 220k kwenye gridi mzigo unashuka hadi 68.75k na ukuzaji unakuwa 52. Tofauti sio kubwa, ila mstari wa mzigo wa AC unakuwa wima kuliko wa DC, vinakutana kwenye ile nukta ya kutulia tu, na ukichora wa DC peke yake utajidanganya kuhusu volti ngapi unaweza kutoa kabla ya kukatwa.

Na hiyo 57 ni iwapo kathodi (pale elektroni zinapotokea) ina kapasita ya kuipitisha sauti. Ukiitoa, rizista ya kathodi ya 1.5k inaonekana kwenye anodi ikiwa imezidishwa 101, kama 151k inaongezeka kwenye ukinzani wa ndani, unafika 214k, na ukuzaji unaanguka hadi 28 hivi.

solda_safi

Kuna kosa moja naliona sana linahusiana na hili, la kathodi foloa (sauti inachukuliwa kwenye kathodi badala ya anodi). Mtu anasoma kwamba ECC82 ikifungwa kathodi foloa inatoa impidansi ya omu 450 hivi, anafurahi, anaifunga hedifoni ya omu 32 moja kwa moja. Impidansi ya kutoa na mzigo unaoweza kuubeba ni vitu viwili tofauti. Ukiwa na miliampia 10 za kutulia, kwenye omu 32 unaweza kusogea volti 0.32 tu kabla mkondo haujafika sifuri. Mstari wa mzigo wa omu 32 uko wima kabisa kwenye grafu. Ndo lilelile somo la mstari_mnyoofu, mipaka kwanza.

nyaya_moto

Aisee gridi_hasi asante, nimeirudia hesabu ya 2A3 mwenyewe imekuja. Ninazo spika nne za omu 4 za aina moja, kwahiyo nafunga mbili mbili kwa mfululizo kila upande nipate omu 8. Kuna ubaya? Na nilitaka kuwasha kwanza bila spika nione volti kama ziko sawa, maana ampli za transista huwa nawasha hivyo.

mzee_wa_redio

Kwa mfululizo ni sawa kabisa, zikiwa za aina moja.

Bila spika HAPANA, kaka. Hapo ndo valvu na transista zinapoachana njia. Transista bila spika haina mkondo wa kutoa, imepumzika. Pentodi bila spika inaona mzigo usio na mwisho, mstari umelala chali, ishara ndogo tu kwenye gridi inaifanya anodi iruke volti nyingi sana. Valvu ikifunga ghafla wakati kuna mkondo kwenye praimari, ile nishati iliyo kwenye chuma haina pa kwenda, volti zinapanda mpaka zitafute njia zenyewe, ndani ya transfoma kati ya tabaka na tabaka, au kwenye soketi kati ya pini ya anodi na jirani yake. Ukiona soketi ina mstari mweusi wa mkaa kati ya pini mbili ujue hiyo hadithi ilishatokea. Upande wa pili wa mzunguko anodi inazama chini ya skrini, skrini inavuta mkondo wote na uwezo wake ni wati 2 tu.

Kwa kweli ukiwasha bila ishara yoyote inaweza isitokee kitu, lakini mlio mmoja wa kugusa waya ya kuingilia unatosha, na kama umefunga fidibeki na ikawa imegeuka ampli italia yenyewe.

Weka rizista ya omu 100 ya wati 5 moja kwa moja kwenye sekondari, ibaki hapo daima. Sambamba na omu 8 unapata 7.4, praimari inaona 4.6k badala ya 5k, bado uko ndani ya kile kilele kipana, na ampli ikipiga nguvu zote hiyo rizista haili hata nusu wati. Waya ya spika ikichomoka, valvu inaona kama 62k badala ya hewa tupu. 62k bado ni nyingi mno, sio ruhusa ya kupiga muziki bila spika, ila inavunja makali ya lile ruko.

mstari_mnyoofu

Kabla hujafunga mada, kuna jambo la besi ambalo utakutana nalo siku ya kwanza ukiwasha na utadhani umekosea kuunga. EL84 bila fidibeki ina ukinzani wa 40k, gawanya kwa 625, spika inaona chanzo cha omu 64. Spika yenyewe ni omu 8. Kwahiyo ampli inapeleka mkondo na haijali volti, na pale spika inaporuka hadi omu 40 kwenye mwangwi wake, volti zinaruka nayo, besi inavimba kwenye noti moja na haisimami haraka. 2A3 kwa transfoma ya 2.5k inaonyesha spika omu 2.6 tu, ndo maana watu wanasema trayodi zinashika spika bila fidibeki. Kwa EL84 rudisha fidibeki kutoka sekondari kwenda kathodi ya ECC83, kidogo kidogo, ikilia geuza waya za sekondari.

Na besi ya chini kabisa inategemea induktansi ya praimari, kwa sababu inakaa sambamba na mzigo. Henri 10 kwenye 50 Hz ni omu 3142 tu, ndogo kuliko 5k yako. Transfoma ya singo-endi inabeba DC kwahiyo lazima chuma kiwe na mwanya wa hewa kisishibe, na mwanya huohuo ndo unapunguza henri. Ndo maana za singo-endi nzuri ni nzito hivyo.

Siku ya kuwasha fanya hivi. Badala ya spika weka rizista ya omu 8 ya wati 10 kwenye sekondari. Pima volti juu ya rizista ya kathodi ya EL84, kama ni omu 135 utarajie 7.2 hivi, hiyo ni miliampia 48 za anodi na 5 na nusu za skrini kwa pamoja. Ikisoma 9 au 10 zima. Kama iko sawa ingiza wimbi la 1000 Hz, weka skopu kwenye ile rizista ya omu 8, usiweke kwenye anodi kama probu yako haivumilii volti 500, na pandisha volyumu polepole. Upande mmoja wa wimbi ni goti, mwingine ni kufunga. Upande wa goti ukikatwa mapema, mzigo ni mkubwa mno. Upande wa kufunga ukianza kuvimba na kujiviringa mapema, ni mdogo mno. Pande zote zikianza kuharibika karibu pamoja uko pale pale datashiti ilipokusudia, na ukisoma volti 6.3 AC kwenye rizista wakati huo unazo wati 5.